Ovaroli, suti ya vipande viwili, dasti koti au jinzi kuukuu: uvae nini ukishika gari nyumbani?

Jumamosi asubuhi umetoka nje na kikoi na singlendi, chai bado iko mezani. Ulitaka kuangalia maji ya rejeta tu. Nusu saa baadaye umelala chini ya gari, kikoi kimekusanyika mapajani, na oili inatambaa kutoka kiganjani kuelekea kwapani. Karibu kila ninayemfahamu anayejishikia gari lake nyumbani alianzia hapo, na mimi nimo. Nguo haikuchaguliwa, ilikutwa mwilini.

Makala haya ni ya aliyechoka kuharibu nguo nzuri, anataka nguo moja ya kazi, ila akifika sokoni anashindwa achukue ipi. Sisemi habari za fundi wa gereji anayeshinda kwenye grisi siku sita kwa wiki. Nasema kazi za uani: kubadilisha oili na filta, plagi, betri, breki pedi, feni belti, siku ukijisikia shujaa labda na shokapu. Nimelinganisha aina nne zinazopatikana kirahisi Dar es Salaam, na mwenzangu wa Nairobi au Mombasa atazipata pia: ovaroli ya kipande kimoja, suti ya kazi ya vipande viwili, dasti koti, na nguo kuukuu za kabatini, yaani jinzi na fulana. Zote nimewahi kuzivaa. Hakuna niliyoitupa, wala hakuna inayotosha kwa kila kazi.

Vipimo kwanza

*Mkao.* Kabla ya bei na rangi, jiulize mwili wako utakuwa wapi. Kazi ya gari nyumbani ina mikao miwili mikuu: kuinamia boneti na kulala uvunguni. Anayeinama huchafuka tumbo na mikono. Anayelala huchafuka mgongo, shati linapanda juu na mchanga unamwingia kiunoni. Nguo inayomfaa mmoja inaweza kuwa kero kwa mwingine.

*Kinachoning'inia.* Feni belti haina macho. Tena magari mengi ya sasa yana feni ya umeme inayoongozwa na joto la maji, kwa hiyo inaweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa, wakati mkono wako uko palepale. Kamba ya koti, mkono mpana wa shati, ncha ya ushungi, shanga, tai ya mtu aliyetoka kazini: vyote ni chakula cha feni.

*Kitambaa.* Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapodanganyika na rangi. Pamba haiyeyuki. Ikigusa ekzosi ya moto inabadilika rangi, inaungua, ikizidi inawaka. Polista inayeyuka kwenye nyuzi kama 250 hadi 260 za Selsiasi, na ikiyeyuka inanata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Manifoldi, yaani mabomba ya ekzosi yanayotoka moja kwa moja kwenye injini, inaweza kupita joto hilo gari likitoka safari. Mpaka hapo utasema pamba ndiyo yenyewe. Sasa leta betri. Tindikali ya betri inakula pamba, na inakula kimyakimya: siku ya kazi huoni kitu, unafua, unaanika, ukikunja unakuta matundu utadhani mende walikesha humo. Mimi nilipoteza shati hivyo kwa kukumbatia betri tumboni nikiihamisha kutoka gari moja kwenda jingine. Polista huivumilia tindikali ile vizuri zaidi. Ndiyo sababu mchanganyiko wa polista asilimia 65 na pamba asilimia 35, unaouona sana kwenye lebo za ovaroli mpya, si wizi kama baadhi ya watu wanavyodai. Unadumu, haujikunji sana, unakauka haraka. Kwa kuchomelea na grinda, hata hivyo, cheche zinautoboa vibaya, na hapo pamba nzito ndiyo rafiki.

Nguo za mtumba mara nyingi zimekatwa lebo. Chomoa uzi kwenye pindo la ndani, ukafanye jaribio nyumbani kwa kiberiti: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, polista inajikunja na kuacha kitone kigumu.

*Joto la hewa.* Nguo inayofaa Njombe au Limuru mwezi wa Julai ni adhabu Temeke mwezi wa Februari.

*Kufua.* Na hasa, nani anafua. Nguo yenye oili haichanganywi na sare za watoto. Oili iliyokwisha kutumika ina uchafu unaodhuru ngozi ikikaa nayo muda mrefu, kwa hiyo si haki kumwachia dada wa kazi beseni zima bila hata kumwambia kilichomo.

*Kuvua.* Kipimo hiki hakizungumzwi. Simu inaita ndani, tumbo linauma, mgeni yuko getini. Nguo inayokuchukua dakika tatu kuivua utaingia nayo hadi kwenye kochi, na kochi halifuliki.

Ovaroli ya kipande kimoja

Ovaroli ilivumbuliwa na shida. Waingereza wanaiita kwa jina la boila, kwa kuwa waliokuwa wakisafisha boila za makaa ya mawe walihitaji vazi lisilo na mwanya kati ya shati na suruali, masizi yasipate pa kuingilia. Shida yako uvunguni ni hiyohiyo, badala ya masizi weka mchanga na kutu.

Uvunguni, basi, ovaroli haina mpinzani. Unajisukuma huku na huku juu ya boksi, mgongo umefunikwa, kiuno kimefunikwa. Ukifungua nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini, huku mkono uko juu, oili ya kwanza hufuata kiwiko. Ovaroli yenye mpira au kifungo kwenye kifundo cha mkono huizuia isiingie ndani. Lakini kama oili ni ya moto na mkono wa nguo umelowa, usiendelee na kazi: kitambaa kinashika joto kwenye ngozi. Vua kwanza.

Kwenye boneti inafaa pia, mradi ukague vyuma. Zipu iliyo wazi kifuani inakwaruza rangi ya fenda kila unapoinama. Tafuta iliyofunikwa kwa ukanda wa kitambaa. Kama zipu inafunguka juu na chini, nunua bila kuuliza mara mbili, utanishukuru ukibanwa na haja.

Na hilo ndilo tatizo lake. Kuivua ni safari: buti kwanza, mabega, miguu. Joto nalo ni kali. Pwani, wengi wetu tunaishia kuivua nusu na kufunga mikono yake kiunoni, na hapo tumepoteza kinga yote ya juu na kuongeza vitambaa viwili vinavyoning'inia.

Ukienda kuinunua, usiipime kwa kuisimamisha mbele ya kifua kama unavyopima shati. Ivae juu ya nguo zako palepale sokoni, iwe Karume, Memorial ya Moshi au Gikomba, kisha chuchumaa na unyanyue mikono yote miwili. Ikikukaba katikati ya mapaja, si saizi yako hata kama mabega yamekaa sawa. Za mtumba huwa zina kitambaa kizito na jina la kampuni ya ughaibuni mgongoni. Jina halidhuru. Kinachodhuru ni zipu iliyochoka na magoti yaliyokwisha.

Kufua ni kazi ya mkono na jasho, maana ikilowa ni nzito kama mtoto aliyelala. Inamfaa anayelala uvunguni mara kwa mara, anayeishi penye hewa ya baridi au mwenye kivuli kizuri, na asiye na haraka ya kuingia na kutoka ndani.

Suti ya kazi ya vipande viwili

Hii ni koti fupi na suruali za kitambaa kilekile cha ovaroli, zinazouzwa pamoja. Unaiona kwa mafundi umeme na watu wa viwandani. Wanaoshika magari nyumbani huipita bila kuitazama, na kwa maoni yangu wanakosa kitu.

Joto likizidi unavua koti, unabaki na fulana na suruali nzito. Simu ikiita, koti linabaki kwenye msumari. Suruali ikichakaa magoti, unanunua suruali peke yake. Kufua ni nusu ya taabu, kwa sababu mara nyingi kinachochafuka sana ni kipande kimoja.

Uvunguni ndipo inapofeli. Ukijisukuma kuelekea kichwani, koti linabaki nyuma na mgongo unakutana na sakafu. Kuchomekea koti ndani ya suruali kunasaidia, ila suruali nyingi za aina hii zina kiuno kifupi. Mtu mrefu atakuwa anarekebisha nguo kila dakika. Mkanda nao: bizimu la chuma tumboni linachora fenda kama msumari. Tumia suruali yenye mpira kiunoni, au usogeze bizimu pembeni.

Inamfaa mwenye kazi mchanganyiko, boneti leo, tairi kesho, uvunguni mara mojamoja, na hasa anayeishi Pwani.

Dasti koti

Koti refu la vifungo linalofika magotini, la buluu, kijivu au kaki. Kenya wanaliita dasti koti. Utaliona kwa muuza vipuri, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa mwalimu wa maabara. Nguvu yake iko kwenye jambo moja, kuvaa na kuvua kwa sekunde tano juu ya nguo yoyote.

Ukiinamia boneti, linafunika kifua, tumbo na mapaja, yaani kila kinachogusa fenda. Vifungo vya plastiki havikwaruzi rangi kama chuma. Kwa kuangalia oili, kubadilisha plagi, kusafisha vichwa vya betri ule unga mweupe unaoota, au kubadilisha balbu ya taa, sijaona kinachokaribia. Kama koti ni la polista tupu, tena ndiyo vizuri kwa betri, bora usilisogeze karibu na manifoldi.

Uvunguni usilipeleke. Pindo linakamatwa na gurudumu la kile kibao cha kulalia, linajikunja chini ya mgongo, linafunguka pembeni na kuiacha suruali yako ya kanisani wazi. Hata kubadilisha tairi kunasumbua: ukichuchumaa, pindo linafagia chini na unalikanyaga ukiinuka. Na kama injini inawaka, funga vifungo vyote. Dasti koti lililo wazi juu ya feni belti ni hatari kuliko kutovaa kitu.

Kwa joto ni la wastani, hewa inaingia kwa chini. Kulifua ni rahisi kuliko nguo zote nne, ni jepesi na halina pembe za kusugua.

Inamfaa anayekagua gari kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na mama au baba asiyetaka kubadili nguo kwa kazi ya dakika kumi. Wanawake kadhaa ninaowafahamu wanalipenda kwa sababu linakaa juu ya gauni au dira bila matata, mradi dira lenyewe lisizidi koti kwa chini na kuburuzika.

Jinzi kuukuu na fulana

Hizi hazina gharama, ndiyo sababu zinashinda kura. Jinzi ni pamba iliyofumwa kwa kubana, inavumilia magoti kwenye zege na haiyeyuki kwenye ekzosi. Kwa kubadilisha tairi na breki pedi, ambako unapiga goti zaidi ya kulala, jinzi ni nguo nzuri kwelikweli. Nawaambia hivyo hata wenye ovaroli mpya.

Ina siri moja mbaya. Zile ribiti, vile vibonye vidogo vya shaba kwenye kona za mifuko, ziliwekwa makusudi. Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza yake Marekani mwaka 1873, kwa kuwa mifuko ya vibarua ilikuwa ikichanika kwa kubebeshwa vitu vizito. Kwa mchimba mawe ni neema. Kwa anayeegemea fenda ya gari lake mwenyewe ni mikwaruzo midogo ambayo huioni hadi siku ya kuosha, na utamlaumu mtoto wa jirani bure. Tandika blanketi kuukuu au kanga iliyochakaa juu ya fenda kabla hujaegemea.

Fulana ndiyo sehemu dhaifu. Mikono iko wazi kwa oili na vyuma vya moto, na uvunguni inapanda hadi kifuani. Ukiwa na jinzi, badili fulana kwa shati la pamba la mikono mirefu linalokubana vifundo. Fulana iliyolegea shingoni achana nayo, na jezi za mpira pia, hata ikiwa ni ya timu iliyofungwa jana. Jezi ni polista nyembamba, na ndiyo nguo mbaya kuliko zote karibu na ekzosi. Bukta sitaijadili. Nina kovu la ekzosi kwenye shavu la mguu linalozungumza kwa niaba yangu.

Kwa joto, ni nyepesi kuliko ovaroli. Kwa kufua, jinzi huchukua siku nzima kukauka wakati wa masika. Kwa kuvua, hakuna la kuvua: umechafuka, umechafuka, na unaingia ndani hivyohivyo. Njia ya kupunguza hasara ni kuziweka kwenye ndoo yake nje, zisirudi kabatini kamwe. Ukizirudisha, wiki moja utazivaa sokoni na wiki nyingine utafanyia kazi suruali isiyostahili.

Zinamfaa anayeanza, ambaye bado hajajua kama hamu hii ya ufundi itafika mwezi wa tatu.

Mambo yasiyobadilika kwa nguo yoyote

Pete na saa ya chuma zivuliwe kabla ya kugusa betri. Chuma kikiunganisha kichwa cha betri na bodi, kinapata moto ghafla kikiwa kidoleni mwako. Viatu vifunike vidole, ndala zibaki mlangoni. Glavu nyembamba za mpira zinafaa kwa oili, za kitambaa zisikaribie kinachozunguka. Na nguo haijawahi kuzuia gari lililoanguka kutoka kwenye jeki, kwa hiyo stendi za kulishikilia gari kwanza, ovaroli baadaye.

Kwenye kufua, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye doa la grisi likiwa bado kavu, sugua, acha, ndipo ulete maji na sabuni ya unga. Kumwagia maji kwanza kunaipa grisi nafasi ya kujibanza. Wapo wanaofua kwa petroli. Doa linatoka, ni kweli, lakini mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. Nguo iliyomwagikiwa petroli ianikwe nje kwenye hewa mpaka harufu iishe, na isiingizwe kwenye mashine ya kufulia wala ya kukaushia ikiwa bado inanuka.

Uchague ipi, kwa hali yako

Unabadilisha oili mwenyewe kila kilomita 5,000 na huna shimo wala lifti: ovaroli. Kama uko Tanga au Mombasa na uani hakuna mti, ifanye kazi hiyo saa kumi na mbili asubuhi, au uchukue vipande viwili na uvumilie mchanga kidogo mgongoni.

Gari lako ni jipya kiasi, linakwenda gereji kwa kila kitu, na wewe unaishia kwenye maji, oili na betri: dasti koti linakutosha, ovaroli itakuwa pambo la mlango.

Gari lako ni zee, kila wiki lina ugonjwa mpya: vipande viwili, na ununue suruali ya akiba mapema.

Unachomelea au unatumia grinda: nguo ya pamba nzito, iwe ovaroli au jinzi na shati nene, mifuko iliyofunikwa ili cheche zisitue ndani. Suruali ianguke juu ya buti, usiichomekee.

Unavaa ushungi: ovaroli au koti la vipande viwili, ushungi wa kitambaa cha pamba kisichoteleza, ncha zote zikiingizwa ndani ya kola na zipu kupandishwa. Pini za kichwa zinadondoka ndani ya injini, kwa hiyo ushungi wa kuvuta kichwani unafaa zaidi.

Mnashirikiana gari wawili wenye miili tofauti, mume na mke au kaka na mdogo wake: dasti koti moja kubwa linawatosha wote, ovaroli haishirikiwi.

Unasafiri sana: liwepo dasti koti kwenye buti la gari, limekunjwa pembeni ya jeki. Pancha haisubiri ubadili nguo, na mara nyingi inakukuta umevaa suti ya harusini. Langu lina madoa matatu ya grisi na moja la pilau.